CV Moja ya Watu Kumi na Wawili

Nina steshenari karibu na stendi ya Kasulu, na kabla hujaniuliza nakwambia mwenyewe: kosa lilikuwa langu. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na CV moja niliyoiandika miaka tisa iliyopita. Mwanafunzi akija, nabadilisha jina, namba ya simu na kata anakotoka, nachapa. Mengine hayaguswi: mchapakazi, mwaminifu, anapenda kusoma na kutazama mpira. Kwa maandishi yangu, nusu ya mji huu inapenda kutazama mpira.

Irakoze Nduwayezu alikuja Aprili, akiwa mwaka wa pili wa diploma ya teknolojia ya habari. Ni binti wa Kumsenga, kule Kibondo. Babu yake alivuka kutoka Burundi, wao sasa ni Watanzania. Mkimya, lakini akikukazia macho ujue hajamaliza. Alitaka nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika shirika moja linalopeleka taarifa za kilimo na afya kwa wakimbizi wa Nyarugusu. Chuo kilikuwa kimeshasema kwamba asiyepata nafasi kufikia mwisho wa Mei atarudia mwaka. Kwa binti wa mjane mwenye shamba la maharage, kurudia mwaka maana yake ni kurudi nyumbani.

Nikamchapia. Wiki mbili baadaye akairudisha ile karatasi mezani pangu.

"Shikamoo Mama Cadet. Dada wa ofisini, kule kwenye shirika, ametuonyesha CV zetu. Kumi na wawili tunapenda mpira. Mimi mpira hata siujui."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na aibu ikanishika vizuri.

"Wamekukataa?"

"Wametukataa wote. Nimemwomba wiki moja. Amesema nimletee ukurasa wangu wa mtandaoni, aone nilichofanya."

"Basi nikusaidie kuandika."

"Hapana mama. Asante."

Akakodi kompyuta ya pembeni. Kutengeneza ukurasa alikuwa amefundishwa, na mkufunzi wao aliwaambia wajinadi bila haya. Hapo ndipo alipokwama. Saa nzima ilitoa mstari mmoja: "Tulianzisha kundi la WhatsApp la wakulima wa maharage Kumsenga." Mlianzisha wewe na nani, nikamuuliza. Akakiri ni yeye peke yake. Akina mama wengi wa kule hawasomi, kwa hiyo anachukua utabiri wa mvua na ushauri wa bwana shamba, anawatumia kwa sauti yake, kwa Kiha. Miaka miwili, kila Jumatatu.

"Sasa mbona unajificha?"

"Kwetu sifa zako husemwa na mwingine, mama. Hata anayeposa hajisemei, anasema mshenga."

Akampigia mama yake, Uwimana, simu ikiwa na sauti kubwa. Nikamsikia mwenyewe: "Mwana wanje, mwanangu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nilikasirika. Chema gani kitajiuza kikiwa kimefunikwa Kumsenga? Nilitaka kuinyakua ile simu, Irakoze akanizuia kwa mkono.

"Sawa mama," akasema. "Basi sitasema mimi."

Siku hiyo hiyo alituma ujumbe kwenye kundi: aliyefaidika aseme kwa sauti yake nini kilibadilika. Kila alipotoka darasani alikuja kwangu. Kila sauti aliipandisha kwenye ukurasa wake, akaiwekea picha ya shamba na tafsiri ya Kiswahili chini yake. Jumatano umeme ukakatika. Akahamia kwenye simu, chaji ikaisha, akaenda kuchaji kwa fundi redio mwenye sola, akarudi. Zilifika sauti kumi na tisa. Ya mama yake haikuwemo, naye hakuiomba. Ilimuuma, nilijua, maana kila ujumbe ulipoingia alitazama jina kwanza.

Siku ya miadi alimpigia mama yake kumwambia anakwenda. Mimi nikafunga duka nikamsindikiza, nafsi ikinisuta. Dada wa ofisini anaitwa Chantal, Mkongo aliyekulia kambini. Akasikiliza sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hii Kiha, Warundi ya kambini watasikia bila problème," akasema. "Lakini hawa ni majirani yako. Nitajuaje hukuwatuma?"

Simu ya Irakoze ikalia. Akatazama jina, akaganda.

"Ni kwenye kundi," akasema.

"Fungua, tusikie."

Ilikuwa sauti ya Uwimana, kwa Kiha, na mimi Muha sikuhitaji tafsiri.

"Huyu ni mtoto wangu, sitamsifu. Nasema nilichoona. Februari alituambia tuvune mapema, mvua kubwa inakuja. Majirani walimsikiliza, wakavuna. Mimi nikasema mtoto wa shule anajua nini kuhusu mvua. Maharage yangu yakaozea shambani, na sikumwambia mtu. Ni mimi mama yake ambaye sikumsikiliza."

Irakoze akatafsiri mpaka neno la mwisho, machozi yakimtiririka, hakuruka hata moja.

"Huyu hakutumwa," Chantal akasema. Kisha akavuta daftari, akaandika jina la Irakoze. Aanze Jumatatu.

Nilirudi dukani nikaifuta ile CV. Kesho yake kijana wa kwanza aliingia, akaniambia nibadilishe jina tu, ana haraka. Nikamvutia kiti.

"Kaa," nikamwambia. "Umefanya nini, na nani aliona?"