Safari ya Kuiulizia Damu Yangu Mwanza

Niliondoka Magu kwa sababu mke wangu, Minza, alikuwa amerudi kwao Usagara. Mama yake alisema damu yangu imeoza. Walioiozesha ni wawili, nawataja: Malimi, balozi wetu wa nyumba kumi, na mganga Ngasa. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, Malimi alitupanga mstari tuchanjwe dawa ili pahali papya patupokee. Ngasa alitumia wembe mmoja kwa watu wote, anaupangusa kwenye kaniki yake, anaendelea. Baadaye macho yakawa ya njano, mimi na mdogo wangu Shija. Shija tukamzika.

Alfajiri nilipanda lori la pamba. Ziwa lilikuwa mkono wa kulia karibu njia nzima, sikulitazama.

Mwanza nilishukia Mirongo, nikatembea mpaka hospitali. Safari ya kwanza walinitoa damu wakaipeleka Dar. Sasa nilifuata jibu. Daktari, Mhaya mmoja mpole, alisema ni ugonjwa wa ini, unaingia kwa damu, na wembe ule ulitosha kutumaliza. Nikamuuliza kama bado ninao.

"Umekwisha, mzee wangu. Mwili wako uliupiga, na kilichoupiga bado kimo damuni. Tunakiita kingamwili. Haukurudii, wala humwambukizi mkeo. Ila naye aje apimwe."

"Na Shija?"

"Mwili wake ulishindwa."

Basi, ni hivyo tu. Hakuna aliyelogwa.

Mchana nilifika Usagara. Minza alikuwa ameegemea ukuta anamenya karanga. Akaniangalia.

"Umekonda. Nani anakupikia, Ngasa?"

Nikaeleza yote. Mama mkwe alisikiliza akiwa ndani, maana kwa mila hatuonani uso kwa uso. Alikubali mwanawe arudi, kwa sharti moja.

"Mchanjwe pamoja, wembe mmoja, muwe kitu kimoja."

Mke huyu nilimtafuta muda mrefu, hata hivyo nikasema:

"Mama, nyembe ziwe mbili, mpya. La sivyo narudi peke yangu."

Minza akasimama, akakung'uta maganda, akaenda dukani kununua nyembe mbili.

Tukachanjwa kila mtu na wake, tukarudi Magu wawili, tukipitia hospitali naye akatolewa damu. Nilichojifunza nilikisema mkutanoni: Shija aliuawa na wembe wa Ngasa, na mstari aliupanga Malimi. Malimi akajibu kwamba nakipaka kijiji matope. Watu wakamtazama mganga. Tangu siku hiyo, anayekwenda kwa Ngasa anabeba wembe wake.