Mkungu wa Ndizi Uliokwenda Ubatizoni

Tusajigwe wa Iyunga hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Mila ya Wanyakyusa ndivyo ilivyotaka: mke wa mwana na baba wa mume wasionane, wala mke asilitamke jina la mkwewe. Mchungaji alikwisha kusema kuonana si dhambi, lakini mila haikuwapo kanisani siku hiyo ikasikia.

Sasa dada yake aliyeolewa Iringa alikuwa amejifungua, na Tusajigwe ndiye aliyechaguliwa kumshika mtoto wakati wa ubatizo. Akichelewa Jumapili ile, mtoto angeshikwa na Juliana, wifi wa dada yake, na Juliana alikwisha kushona gauni. Gari la kumfikisha lilikuwa moja tu, la huyohuyo baba mkwe, mzee Gideoni.

Mzee aliwahi kumwendesha Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Mzungu huyo alipoondoka alimwachia gari kuukuu na tabia ya kusafiri kwa raha: mwendo wa kinyonga, na penye kilima kizuri kusimama, kutandika shuka na kunywa chai. Mzee alisema safari si kukimbizwa na fisi.

Basi wakajipanga. Kioo cha dereva cha kutazamia nyuma kikageuziwa paani. Tusajigwe akakaa nyuma na blanketi kichwani, ubavuni pa mkungu wa ndizi za zawadi. Mbele alikaa mama mkwe Marta, ambaye gari likianza kutembea hufumba macho akaomba mpaka lisimame.

Jumamosi, pale Igawa, gari likagoma. Mzee akasema kwa upole, kana kwamba anaongea na usukani, "Marta, mwambie huyo mtu gari linataka kusukumwa."

"Amesikia," akasema Marta.

Tusajigwe akauvika mkungu blanketi, akashuka, akasukuma. Gari likawaka, likaenda. Marta akafumba macho. Mzee hakugeuka, maana heshima ni heshima. Tusajigwe akabaki na vumbi. Angepiga kelele amwite nani, na jina la mkwe halitajwi?

Lori la mpunga likamwokota. Walipopita Makambako wakaliona gari pembeni, mzee amekaa majanini na kikombe chake, ameelekea barabarani. Kalinga, dereva wa lori, akauliza kama asimame.

"Usisimame," akasema Tusajigwe, akijifunika kanga uso mzima. "Yule ni mkwe wangu."

Kalinga ni Mhehe, mila hiyo hakuijua. Alimtazama mpaka lori likataka kuingia mtaroni.

Jumapili mtoto akabatizwa mikononi mwa Tusajigwe, na gauni la Juliana likakaa benchi la nyuma. Ibada ilikwisha, watu wako nje wanasalimiana, ndipo gari likaja linanyata. Tusajigwe akajificha nyuma ya mlango wa kanisa. Akamsikia mzee akimwomba Bwana Philbert, mzee wa kanisa, amshushe mkwewe taratibu. Kusukuma gari kumemchosha, alisema. Tangu Igawa amelala tu, hata wao usiku walilala mbele kimya wasimsumbue. Ni binti mwenye adabu sana.

Philbert akafunua blanketi. Ndizi zilikuwa zimeiva.

Mzee akalipa kanisa kisogo, akasema, "Marta, mwambie huyo mtu, popote alipo, kwamba kama yu hai ninamshukuru Mungu."

Marta alikwisha kuuona upindo wa kanga mlangoni. "Amesikia," akasema.

Kabla ya kurudi, mzee alinunua njuga sokoni, akampa Marta, Marta akampa Tusajigwe aifunge mguuni. Njia nzima mpaka Iyunga, kila kilima na chai yake, gari halikuondoka mpaka njuga ilie kiti cha nyuma.