Kitenge cha Kijani Kilichogeuka Waridi

Mama na mdogo wake hawakuwa wamepiga picha ya pamoja tangu wakiwa wasichana. Kwa hiyo kwenye jubilei ya ndoa ya Mama, pale Akheri, walinunua kitenge kimoja cha kijani, wakagawana, wakashona sare, na mimi nikakabidhiwa kazi ya picha. Mama mdogo ameolewa Mbeya. Jumamosi alikuwa anarudi, na alishaapa kwamba hapandi basi bila picha mkononi.

Kamera yangu ilikuwa na umri wa mwezi mmoja. Nilipiga picha ghafi tu, zile ambazo kamera huzihifadhi bila kuzipika, ukazipike mwenyewe kwenye kompyuta. Nilisoma mahali kwamba mafundi hufanya hivyo. Mimi hata wali huniungulia, lakini nina shahada.

Alhamisi asubuhi nikafungua kompyuta yangu ya mkononi sebuleni kwa Mama. Picha ikatokea kijani safi, kufumba na kufumbua ikageuka waridi. Migomba waridi, Mlima Meru waridi, na akina mama wawili kama waliochovywa kwenye juisi ya tikiti.

"Hiyo sare ya nani?" Mama mdogo akauliza. "Sisi hatukuvaa hivyo."

"Kadi ya kamera imeharibika, mama mdogo," nikasema kitaalamu. Nikaichomoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Waridi. Nikazima kompyuta, nikawasha. Waridi. Nikafungua picha ghafi za kamera yangu ya zamani: zote nzuri. Hapo mwenye akili angeshaelewa. Mimi nikaanza kulaumu umeme.

Mama akaacha kumenya ndizi, akaichukua kamera na kutazama kioo chake cha nyuma.

"Humu tuko kijani. Kamera haina kosa. Kati ya hivi viwili, mkubwa ni nani?"

"Kompyuta, Mama. Ina miaka tisa, na programu yake ya kupika picha ni ya siku zile zile."

"Na huyu mdogo ulimtambulisha?"

"Kumtambulisha?"

"Umesahau ulivyomleta mkeo hapa kimya kimya? Bibi yako alishinda siku nzima anamwita jina la binti wa jirani, mpaka tulipokaa tukamweleza huyu ni mtoto wa nani."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Programu ilitengenezwa kabla kamera hiyo haijazaliwa. Haikujua kusoma rangi zake, ikawa inabahatisha.

Nikarudi kwangu Elerai, kwenye intaneti ya uhakika, nikasasisha programu. Ni sasisho lile lile nililokuwa nikiliambia "baadaye" kila asubuhi kwa miaka. Picha ikafunguka kijani, ikabaki kijani. Nilipiga ukelele hadi mke wangu akaja na fagio akidhani kuna nyoka.

Jumamosi Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge chenyewe kwa safari. Akaipokea picha niliyoichapisha, akailaza juu ya paja lake, akalinganisha rangi kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Ndicho chenyewe!" Akapiga vigelegele, kuku wakatawanyika uani. Kisha akaisogeza picha karibu na macho.

"Lakini dada, mbona umefumba macho?"

Siku tatu nimehangaika na rangi, wala sikuwa nimeona.

"Nilikuwa naomba," Mama akasema, "itoke vizuri."