Marahaba Iliyosubiri Mchezo Uishe

Simu ya msiba ilinikuta Dumila, nikichagua nyanya. Rafiki yangu wa utotoni amefia Mikumi, kwenye banda lake la gemu, na waombolezaji walitaka kujua kama ni halali kumtangaza kuwa mfanyabiashara. Nikawaambia ni halali, ingawa sijaona mfanyabiashara mwingine anayewaondoa wateja kitini ili acheze yeye. Nimeumia, wasomaji wangu, lakini kumlilia mtu huyu bila kucheka kungekuwa kumsingizia.

Tulikulia Kidodi, enzi ya ruksa, kila kitu kilipopewa ruhusa ya kuingia nchini, na mfanyabiashara mmoja akaweka televisheni na mashine ya gemu nyuma ya duka lake. Wazazi wetu, wakulima wa miwa, walidhani ni sinema. Sisi tulidhani ndiyo maisha. Marehemu alikuwa hodari wa mpira wa kwenye kioo, na uhodari ulipogoma alikuwa na hila. Alitazama mlangoni na kusema kwa adabu, "Shikamoo, mzee." Kwa malezi yetu, mtoto hamwamkii mkubwa akiwa amekaa. Mpinzani aliachia mashine, akasimama, akageuka. Mlangoni hakuna mtu, na huku nyuma keshafungwa goli.

Siku moja alikuwa ananifunga kihalali nilipomwona baba yake mlangoni, mzee wa kanisa aliyenyooka kama fimbo yake. Nikasimama. "Shikamoo, baba." Rafiki yangu hakugeuka. Alidhani nimeiga hila yake. "Huyo mzee wako asubiri," akasema, "nimalize kwanza."

Mzee aliondoka zake. Hakumpiga wala kumgombeza. Aliacha tu kumwitikia. Msimu mzima wa kukata miwa kijana aliamkia kila asubuhi, na baba akaendelea kunoa panga. Alikonda. Mwisho akatumwa shangazi kuomba radhi, kama ilivyo desturi, naye akarudi na jibu: "Alisema nisubiri amalize. Bado nasubiri." Kesho yake kijana akapiga magoti. "Shikamoo, baba. Nimemaliza." Akaitikiwa, akalia sana, na kabla ya jua kuzama alikuwa kwenye mashine, ananifunga mabao mawili.

Juzi, baada ya mazishi, yule mzee, sasa anashikwa mkono kutembea, aliniita kando.

"Wewe ulikuwa naye. Hivi kweli alimaliza?"

"Hapana, baba. Hakumaliza hata siku moja."

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile nilijua. Ila nilikuwa nimechoka kutomwitikia mwanangu."

Tunahubiri sana kuhusu vijana wasioamkia. Nami nina mmoja nyumbani ambaye macho yake hayabanduki kwenye gemu ya mpira ya simuni, na nimekuwa nikimnunia nikijiona mlinzi wa maadili. Nimejifunza kwamba adhabu ya kimya humla pia anayeitoa. Leo asubuhi nimeingia chumbani kwake, nikakaa, nikamuuliza anaongoza nani.