Plamu za Mama

Juzi, siku moja baada ya kumzika Mama, mvua ilinyeshea jivu la moto wa matanga, pale karibu na boma la ng'ombe. Nilikuwa naosha vikombe. Harufu ya jivu lililolowa ikachanganyika na ya samadi mbichi, nikaketi juu ya debe. Kaburini sikuwa nimelia. Hapo nililia.

Wacha niwaeleze. Miaka michache baada ya uhuru, Baba alinunua hisa katika shamba la mzungu huko Yamumbi, tukahama kutoka nchi ya kahawa. Kipande chetu kilipopimwa, tulikuta ndani yake miti mitano ya matunda ya plamu. Baba aliona mahali pa mahindi. Mama aliona plamu.

Jirani yetu, Mzee Wekesa, alikuwa ametunza bustani ya huyo mzungu, na ndiye aliyemfundisha Mama kupogoa. Kila kiangazi Mama alipanda juu ya debe, leso kiunoni, akikata kidogo na kutazama sana, kama mtu anayemnyoa mtoto asiyetulia. Mimi nilichanganya samadi na jivu, nikapaka penye vidonda vya mti. Mikono ilinuka hadi darasani.

Miaka miwili tulipata plamu za kujaza sufuria tu.

“Mama Nyambura,” Baba akasema, “mwaka huu zisipozaa naleta shoka. Sikununua shamba nifuge maua.”

“Zitazaa. Na ukitaka moja utapiga magoti.”

Baba alicheka, lakini shoka alilinoa.

Kiangazi hicho Mama aliitwa kwao kumuuguza nyanya kabla hajapogoa. Baba alikuwa huko Sugoi akiendesha trekta, anarudi Jumamosi tu. Niliachwa kwa mke wa Mzee Wekesa. Nilikuwa na miaka kumi, na kila wingu lilinitisha: mvua ikija kabla miti haijapogolewa, shoka litafuata. Nikachukua makasi ya Mama.

Kahawa niliijua. Kule kwetu nilikuwa nimeona tawi kuukuu likiondolewa na changa likiachwa, kwa sababu ndilo linalozaa. Basi nikakata kila kijiti kifupi kilichokunjamana, nikaacha fimbo ndefu, laini, zinazopendeza. Nikapaka samadi vizuri kabisa. Nilijivunia.

Mzee Wekesa alinikuta kwenye mti wa tano. “Uuwi! Mtoto, hii si kahawa! Hivyo vifupi ndivyo vinabeba plamu!”

Mama alirudi Ijumaa. Alizunguka miti yote, akaokota kijiti kimoja chini, akakitia mfukoni. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala. Kesho yake Baba naye akaizunguka.

“Nani amekata hivi?”

“Ni mimi,” Mama akasema. “Nilikosea.”

Mzee Wekesa, aliyekuwa kwenye ua, alikohoa na kwenda zake.

Mvua ilikuja, miti ikatoa majani mengi, na maua mawili matatu. Baba alitimiza neno lake. Tulipikia kuni za plamu hadi Krismasi.

Nikiwa mtoto nilishukuru tu kwamba sikuchapwa. Nilipoolewa na kuishi kwenye shamba lisilo na jina langu, ndipo nilipofahamu alichopoteza Mama. Hisa zilikuwa za Baba, ng'ombe wa Baba, mahindi ya Baba. Miti ile mitano tu ndiyo watu waliyoiita ya Mama.

Baba aliifanya hadithi ya kuchekesha wageni: mwanamke aliyelilia plamu, kisha akazimaliza kwa mkono wake. Nimeisikia kwenye harusi yangu na ubatizo wa wanangu. Mama alicheka kila mara, na hata siku moja hakugeuka kunitazama. Siku ya mazishi Baba, mzee sasa, aliisimulia tena kando ya jeneza, watu wakacheka kwa upendo.

Leo jioni nitaenda kuketi na Baba. Nitamwambia ni nani aliyekata.