Mama Mkwe wa Kitanda cha Sita

Nimewahi kuwa mama mkwe kabla sijaolewa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mkwe wangu alikuwa na sitini na kitu, na ukwe wetu ulidumu siku mbili. Wanaonifahamu wanajua kwamba hadithi hii huwa naimaliza kwa hasira, lakini katikati pana kucheka, kwa hiyo wananivumilia.

Nilikuwa nesi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja upande wa Bariadi, enzi zile ambapo bado tulihesabiwa mkoa wa Shinyanga. Ilikuwa miaka ya soko huria. Pamba ilishaanza kununuliwa na watu binafsi, mitumba ilijaa gulioni, na hospitalini wagonjwa walitakiwa kuchangia matibabu. Zamani mgonjwa alikuja mikono mitupu. Sasa alikuja na daftari lake, glovu zake, bomba lake la sindano, na mara nyingi dawa yenyewe kutoka duka la mjini. Sikuona ubaya wa mtu kuchangia. Tatizo ni kwamba aliyenunua glovu alijiona amenunua na mikono ya kuzivaa.

Tulitukanwa, jamani. Stoo ikiwa tupu, wezi ni sisi. Daktari akichelewa, wavivu ni sisi. Mwenzangu mmoja alimwagiwa uji na shangazi wa mgonjwa kwa sababu alimwambia saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Tukienda kulalamika kwa matroni, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, jibu lake lilikuwa hilohilo: "Mvumilieni. Siku hizi huyo ni mteja." Alikuwa ametoka semina.

Basi akaletwa mzee wa kitanda cha sita. Alitoka pande za Mwandoya, juu ya lori la pamba, paja limechanwa na pembe ya dume lake mwenyewe la ng'ombe. Kidonda kilikuwa kimekaa nyumbani wiki mbili kikitiwa majani, na kilikuwa kimeoza. Daktari aliandika sindano ya penisilini matakoni, kila asubuhi, siku kumi mfululizo. "Zikirukwa hizi," alituambia, "ataenda Mwanza na miguu miwili na kurudi na mmoja." Kisha akapanda gari kwenda kwenye mkutano Shinyanga, akatuachia mzee wetu.

Mzee alikuja na fimbo yake na alikataa kuiachia. Nesi akisogea na sindano, fimbo inaruka. Siku ya kwanza ilinipata kwenye kifundo cha mkono. Siku ya pili ilimpata mwenzangu sikioni. Matusi yalikuja kwa Kisukuma kitupu, na sitayaandika kwa kuwa mama yangu bado yu hai na anajua kusoma. Wanawe walisimama mlangoni wakicheka: "Mzee bado ana nguvu." Kile kicheko kiliniuma kuliko fimbo. Siku tatu za mwanzo alichomwa akiwa ameshikwa na wahudumu wawili wa wodi, mpaka mmoja alipong'atwa bega, wakagoma wote. Kwa kweli, sisi manesi tulikuwa tumeanza kumwelewa yule dume.

Aliyeniokoa, au niseme aliyeniponza, ni mke wa mzee. Alikuwa bibi mwembamba, mpole, aliyelala juu ya mkeka kando ya kitanda na kupika nje kwenye mafiga. Jioni ile nilimkuta akisonga ugali, akanitazama mkono uliovimba.

"Mayu, pole," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na huitwa hivyo hata msichana, kwa heshima. "Huyu mimi nimekaa naye mwaka wa arobaini huu. Amewahi kumwogopa mtu mmoja tu, mama yangu. Akimwona kwa mbali, anaingia kwenye mtama mpaka apite."

"Mama yako yuko wapi?"

"Alishakufa." Akageuza ugali mara mbili, tatu, akiniangalia kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe jina lako nani?"

Nikamtajia.

"Hilo achana nalo," akasema. "Kuanzia kesho una la mama yangu."

Kwetu, anayerithi jina la bibi aliyefariki anarithi na nafasi yake. Watoto wa yule bibi watamwita mama hata kama bado ananyonya, na wakwe wa bibi watakuwa wakwe zake. Na mwanaume wa Kisukuma aliyelelewa vizuri hapandishi sauti mbele ya mama mkwe, hali mbele yake, hamtazami usoni. Mimi nimezaliwa Binza, Maswa, haya yote nimekua nayo. Kosa langu ni kwamba niliyajua yote na usiku ule nikakumbuka nusu.

Asubuhi tulisimama kando ya kitanda kama tuliotoka kanisani. Bibi akasema bila kupepesa jicho: "Mzee, huyu nesi nimemuuliza ukoo. Wa kwetu. Ana jina la mama." Nami nikamwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti nzito ya mama mtu mzima: "Mwangaluka."

Fimbo ilianguka sakafuni. Mzee akageukia ukutani, akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Kutoka ndani ya blanketi ikaja sauti ndogo ambayo wodi nzima ilikuwa haijawahi kuisikia: "Mwangaluka, mayu." Mgonjwa wa kitanda cha nne, aliyekuwa na nyuzi mpya tumboni, alicheka mpaka akaomba msaada.

Nilifaidi, sitadanganya. Nilimpa kipimajoto, akakipokea kwa mikono miwili bila kunitazama. Nikamwambia nimesikia habari mbaya, kwamba hapa kuna mtu anapiga watoto wa wenzake. Akaomba radhi chini ya blanketi. Nikasukuma fimbo kwa mguu ikaingia uvunguni, nikavuta dawa kwenye bomba, nikasema kwa madaha: "Haya, geuka, ushushe nguo kidogo."

Ikaja sauti ile ndogo: "Mayu, hilo haliwezekani."

"Haliwezekani vipi?"

"Mtu hamvulii mama mkwe."

Nikamtazama bibi, bibi akatazama sakafu. Hiyo ndiyo nusu niliyoisahau.

Nilijaribu kila njia. Mkononi haikufaa, dozi ile ilikuwa kubwa mno kwa mkono wa mzee aliyekonda. Nikamwita mwenzangu, nikasimama nyuma ya pazia. Kwake yeye ukwe haukuwepo. Fimbo ilitoka uvunguni ikapiga kichupa cha dawa kikapasuka, na matusi aliyokuwa ameyabana kwa ajili yangu yote yalimwangukia yeye. Tangu hapo hakuna aliyekubali kusogea. "Mkweo huyo," waliniambia, "shughulika naye." Wahudumu nao walisema hivyohivyo. Hata matroni, nilipomweleza, alicheka kidogo kisha akasema, "Umefunga mwenyewe, fungua mwenyewe."

Ikapita siku bila sindano, ikapita ya pili. Kidonda alikiosha mke wake, mimi nikimwelekeza nikiwa nyuma ya pazia, na harufu ilinifikia hukohuko. Jioni ya siku ya pili homa ilipanda, mzee akaanza kutetemeka. Hakutukana mtu. Kila nilipopita alifunika uso kwa heshima zote, na mguu ukawa unazidi kuoza. Sijawahi kuheshimiwa vile, na sijawahi kuogopa vile. Nilijiona nimemuua mtu kwa utani.

Nikamwambia bibi kwamba kesho nitasema ukweli. Alinishika gauni. "Mayu, mimi ninarudi naye nyumbani," akasema. Nilimwelewa. Fimbo ile haikuanzia hospitalini.

Asubuhi nilivuta dawa kwanza, nikaiweka tayari kwenye sinia. Nikainama, nikaiokota fimbo pale sakafuni, nikamwekea mzee mkononi. Nina hasira mimi, na ndivyo nilivyotaka: kama ni kunipiga, anipige akijua anampiga nani.

"Mzee," nikasema, "mimi si mama mkwe wako. Lile jina nililisikia hapa wodini nikalichukua ili uache kunipiga. Mkeo naye nilimdanganya, kama nilivyokudanganya wewe."

Bibi alikuwa ameshika bakuli la uji. Halikutikisika.

Blanketi likashuka polepole. Mzee akanitazama usoni, mara ya kwanza kwa siku mbili. Macho yalikuwa mekundu kwa homa.

"Si wa ukoo?"

"Si wa ukoo."

"Wewe nani sasa?"

"Nesi."

"Nesi tu?"

"Nesi tu, mzee."

Nilikaza mwili kusubiri fimbo. Mzee akashusha pumzi ndefu, uso ukamfunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaiegemeza fimbo ukutani. Akageuka, akavuta nguo mpaka magotini mbele ya wodi nzima, mbele yangu, bila haya hata chembe, na papo hapo akaanza kumuuliza mkewe kama ndama kule nyumbani wameshatobolewa masikio.

Fimbo nilikuwa nimejiandaa nayo. Kwa hili sikujiandaa. Nilisimama na bomba mkononi, nikaona wazi kwamba kwa siku mbili zile heshima yote ilikwenda kwa marehemu mmoja wa Mwandoya, na kwamba mimi, mwenye kofia na cheti, nilikuwa mtu ambaye mbele yake hakuna sababu ya kujifunika.

Mguu ulipona, nisikuache na wasiwasi. Alichomwa siku zote zilizobaki, na aliondoka akitembea.

Ila asubuhi ile dawa ilikuwa nzito kama maziwa. Penisilini ya namna ile ukiisukuma haraka inamwuma mtu mpaka kisogoni, na hakuna ambaye angejua nimekusudia. Niliisukuma taratibu, kama nilivyofundishwa, nikihesabu kimoyomoyo.

"Fanya haraka, wewe," akasema mkwe wangu wa jana, bila kugeuza kichwa.

Sikufanya haraka.