Kinanda cha Kidole Kimoja

Ndugu yangu mdogo alirudi nyumbani akiwa amekaa nyuma ya pikapu iliyopeleka miraa Nairobi na sasa ilikuwa inarudi Maua tupu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Dereva alisimama mbele ya geti letu, kando ya barabara ya Nkubu, na ndugu yangu akashuka polepole, halafu akageuka na kuinua kitu kirefu kilichofungwa blanketi. Alikibeba kwa mikono miwili kama mtu anayembeba mgonjwa. Vipande vya majani ya migomba vilikuwa vimemganda kwenye suruali. Mama alitoka jikoni akidhani ameletewa godoro.

"Si godoro, mama. Ni kinanda."

Nikacheka. Kwetu mpiga kinanda alikuwa mimi. Nilikuwa nafundisha shule ya sekondari, na jioni na Jumapili nilikuwa na kwaya ya parokia. Tangu nikiwa mtoto, padri mmoja mgeni aliniketisha kila Jumamosi mbele ya kinanda cha mivukuto kilichokuwa kanisani, cha kukanyaga kwa miguu, akanifundisha nota mpaka vidole vyangu vikazijua kuliko macho. Watu waliniita Mwalimu, hata nyumbani, hata mama. Ndugu yangu hakujua nota hata moja. Alikuwa fundi wa redio, kisha akapata kazi ya kuvuta nyaya katika studio moja ya Nairobi, na mwenye studio alipoagiza mitambo mipya alimwachia huu wa zamani.

Uliitwa sampla. Alinieleza akiwa amepiga magoti sebuleni, akitafuta mahali pa kuchomeka stima. Kinanda hicho hakikuwa na sauti yake chenyewe. Unakipa sauti kwa maikrofoni, sauti yoyote, mlango au mbuzi au mtu anayekohoa, nacho kinaishika. Baada ya hapo kila kibonyezo kinaitoa: upande wa kushoto inakuwa nzito na ya polepole, upande wa kulia inakuwa nyembamba na yenye haraka. Usipoihifadhi kwenye diski kabla ya kuzima, inapotea.

"Sasa hiyo ni muziki?" nikamuuliza.

Alipeleka maikrofoni jikoni, mama alipokuwa anapepeta maharagwe kwenye ungo huku akivumisha wimbo mdomoni bila maneno, kama alivyozoea. Akarudi, akakaa na ile mashine kwa muda mrefu, akibonyeza vitufe na kutazama kioo chake kidogo cha kijani. Halafu akatuita. Akaweka kidole kimoja upande wa kushoto na kukiacha hapo.

Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha kikaja kitu kama mvua iliyo bado ng'ambo ya bonde, inayosita. Hakuwa ameondoa kidole wala kuongeza kingine, lakini mvua ile ilisogea, ikapanuka, na ndani yake pakaanza kufunguka sauti ya mwanamke, nzito kuliko mwanamke yeyote, ikavuta na kuvuta mpaka mvua ikaisha na kubaki yeye tu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Huyo ni mimi?" akauliza kwa Kimeru.

"Ni wewe, mama."

Akaketi. Mama hakuwa mtu wa kuketi mchana. Nilikuwa nimempigia kinanda kila Jumapili kwa miaka yote ile, misa za Krismasi na mazishi ya baba, na hakuwahi kunitazama alivyomtazama ndugu yangu siku hiyo. Nikatoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Wiki hizo nilikuwa natunga muziki wa mchezo wa kuigiza. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Embu, ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa ameandika hadithi ya mwanamke wa nyanda kavu za Mbeere anayemngoja mume aliyeondoka na mifugo kutafuta maji. Alikuwa amekwisha kuirekodi kwa kamera ya video, na alitaka muziki. Alinijia mimi kwa sababu alikuwa amenisikia kwenye mashindano ya kwaya. Nilimtungia wimbo mzuri. Hata leo nasema ulikuwa mzuri: ulianza kwa huzuni, ukapanda, ukateremka na kutulia pale ulipopaswa kutulia.

Alikuja Nkubu kuusikiliza. Nilimpigia kwenye kibodi yangu, mama akamletea chai. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Ni mzuri sana, Mwalimu," akasema. "Kweli ni mzuri. Shida yangu ni moja tu. Unaniambia nilie kabla yule mama hajaanza kungoja."

Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye kibodi wakati ukuta wa sebule ulipoanza kuvuma. Ndugu yangu alikuwa chumbani kwake na sampla, na nadhani alikuwa hajui kuwa tuna mgeni. Ilikuwa ile sauti ya ungo na mama. Madam alishusha kikombe.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ndugu yangu. Anacheza na mashine."

"Mwite."

Nilimwita. Alikuja amevaa singleti tu, akaona haya, akarudi kuvaa shati. Nusu saa baadaye Madam alikuwa ameketi kitandani kwake, chai yake imepoa sebuleni, na alikuwa anasema maneno ambayo mimi nilikuwa nimeyangoja tangu alipofika: "Hiyo ndiyo. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Aliniomba kwa heshima niendelee kusaidia. Ndiyo maana niliambatana nao kushuka Mbeere kutafuta sauti, kazi yangu ikiwa kubeba waya na betri. Huko joto lilinichosha, mimi niliyezoea baridi ya mlima. Ndugu yangu alikuwa kama mtoto aliyefunguliwa. Alirekodi kengele za ng'ombe zikija na vumbi. Alirekodi mawe ya mto mkavu yakisuguana. Mzee mmoja mfugaji wa nyuki alimruhusu kuinua maikrofoni iliyofungwa kwenye ufito mrefu mpaka karibu na mzinga wa gogo, na ndugu yangu akasimama pale chini, mikono juu, asitikisike, nyuki wakimtembea kwenye masikio. Madam alimtazama kwa namna iliyonifanya nitazame pembeni.

Nyumbani, ndugu yangu aliwashusha wale nyuki mpaka mwisho wa kushoto wa kinanda. Walikuwa wamegeuka wanaume wengi wanaosali ndani ya nyumba kubwa. Ukiacha kidole hapo, sala ilichukua muda wake, ikafifia, na chini yake kengele zikaanza kujitokeza, bila mtu kujua ni wapi nyuki waliishia na kengele zilianzia.

Nilijiambia kuwa ni mashine inayofanya yote hayo. Mtu yeyote angeweza. Ndugu yangu alipokwenda sokoni siku moja, niliingia chumbani kwake, nikaketi, nikanyoosha vidole, nikapiga wimbo wa kanisa ninaoujua hata usingizini. Vidole kumi, kama nilivyofundishwa. Ilitoka kelele tupu. Kila nyuki alikuwa na mwendo wake, wengine wanakimbia, wengine wanakokota, wote wakinipigia makelele usoni. Nikajaribu polepole zaidi. Ikawa matope.

"Bonyeza moja," ndugu yangu akasema. Alikuwa amerudi, yuko mlangoni na mfuko wa nyanya. "Halafu subiri."

"Nisubiri nini?"

"Ifike."

Nikainuka. Sikusubiri.

Video ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi mmoja mjini Embu, mchana wa Jumamosi, mapazia yamefungwa. Mama alikuja amevaa kitambaa chake cha misa, akaketi katikati yetu. Katika hadithi kulikuwa na sehemu ndefu ambapo yule mwanamke anakaa kwenye kingo za mto mkavu na hakuna linalotokea. Hapo ndipo wimbo wangu ungekaa. Nyuki walianza, nikawatambua. Kengele zikaja. Halafu chini ya kengele kikaanza kupumua kitu kingine, na mwili wangu ulikijua kabla yangu. Miguu yangu yenyewe ilianza kukanyaga sakafu.

Kilikuwa kile kinanda cha mivukuto cha parokia. Sauti moja tu, nota ya fa ya chini, ile yenye ngozi iliyochanika kidogo ambayo hutoa pumzi kabla ya sauti. Niliijua kama ninavyolijua jino langu bovu. Ilivutwa mpaka ikawa upepo, na upepo ule ukavuma juu ya yule mwanamke, ukawa ndio mto usiokuwepo. Mwanamke mmoja nyuma yetu alianza kulia kwa sauti ya chini. Mama alishika goti langu, si la ndugu yangu, lakini macho yake yalikuwa mbele.

Watu walipokuwa wakimpa ndugu yangu mikono mlangoni, nilimvuta mpaka nyuma ya ukumbi.

"Ulipata wapi ile fa?"

"Kanisani."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya katekista. Alinifungulia."

"Mimi ndiye mpiga kinanda wa kanisa lile. Ulishindwa kuniuliza mimi?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Nyuki nilikuachia. Mama nilikuachia. Kile ni changu."

Si mtu wa hasira, na hata hapo hakupandisha sauti.

"Kila Jumamosi ulipokuwa unafundishwa," akasema, "mimi nilikuwa nje. Hukujua? Baba alinituma nikate majani ya ng'ombe pale nyuma ya kanisa, nami nilikata kidogo na kukaa. Ukuta ule ni wa mawe. Nyimbo zako hazikupita. Kilichopita kilikuwa ule mvumo tu, unakuja na kuondoka, sijui umeanza wapi, sijui ni nota gani. Siku moja niliingia, padri akaniambia nitaharibu somo lako. Nikarudi nje. Kwa hiyo usiniambie ni chako. Nimekisikiliza muda mrefu kama wewe."

Ningetaka kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilijua alistahili kuonewa huruma, mtoto aliyekaa nje na panga na majani, lakini kilichonijaa kifuani kilikuwa wivu mpya, mkali kuliko ule wa kwanza. Mimi nilikuwa ndani, mbele ya kinanda, na padri ananishika vidole, na sikuwahi kuusikia ule mvumo. Nilisikia nota zangu. Niliuonea wivu hata ule ukuta.

Tulirudi Nkubu mama ameketi katikati yetu, akisimulia mchezo wote upya kana kwamba hatukuwepo.

Mwaka uliofuata Madam aliandika hadithi nyingine, naye akaja tena. Safari hii hakuniuliza mimi. Alisimama uani akaniomba nimwitie ndugu yangu, nami nikateremka shambani kumwita. Alipanda akipangusa mikono kwenye suruali, akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Nitakuja," akasema. "Lakini tutakuja wawili. Mwalimu hapa ana sikio la kuunga."

Ilikuwa kweli; mara kadhaa nilikuwa nimemwonyesha mahali sauti zake zilipokatika, ingawa sikujua kwamba aliliona. Sauti iliyoingia kwenye sampla ilikuwa fupi sana, na ili idumu ilibidi izungushwe, mwisho wake uungwe na mwanzo wake. Pasipoungwa vizuri, kila mzunguko hutoa kidoko kama mtu anayepiga ulimi, na uchawi wote unakwisha. Ndugu yangu hakuwa na uvumilivu wa kazi hiyo. Mimi nilikuwa nao. Sikio lililofundishwa nota miaka yote lilijua mahali hasa ambapo wimbi moja linafanana na jingine, nami nilikaa mbele ya kile kioo cha kijani nikikata na kuunga mpaka hata mwenyewe nisisikie mshono.

Tulifanya kazi hiyo pamoja mpaka alipohamia Nairobi kabisa. Mchezo wa pili ulionyeshwa Meru, katika ukumbi mmoja upande wa Kinoru, na watu walijaa mpaka madirishani. Ulipokwisha, mzee mmoja mwenye kofia alinifuata nilipokuwa nakunja nyaya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kijana, ile sauti ya mwisho, kama mlima unaamka, ni nani aliyeitengeneza?"

Nilikuwa nimeiunga kwa siku nyingi. Nilijua kila mshono wake.

"Yule pale," nikasema, nikamwonyesha ndugu yangu, na mzee akaenda kumpa mkono. Iliniuma. Niliendelea kukunja nyaya.